Mbegu, Udongo na Mwanamke wa Tehran

Mwaka 1889 daktari wa upasuaji wa London aitwaye Stephen Paget alichapisha makala katika jarida la The Lancet. Alikuwa amekusanya kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti, na swali lake lilikuwa moja: ugonjwa ulipotoka kwenye titi, ulikwenda wapi? Akahesabu. Kwenye ini aliukuta kwa wanawake 241. Kwenye bandama, 17 tu.

Hebu kaa kidogo na hizo namba mbili. Ini na bandama vyote vinapitiwa na damu nyingi. Kama seli za saratani zingekuwa zinasombwa na damu jinsi mafuriko yanavyosomba takataka, zingekwama huku na kule bila mpango. Hesabu ya Paget ilionyesha upendeleo. Kuna mahali zilipokelewa, na kuna mahali zilipita tu.

Akaeleza kwa lugha ya shamba: mmea hutawanya mbegu kila upande, lakini mbegu huota pale tu zilipoangukia udongo unaozifaa. Wazo hilo hakulidai kuwa lake peke yake. Alimtaja daktari wa macho, Ernst Fuchs, kuwa alitangulia. Kilichonishika mimi ni jinsi alivyojiweka mwenyewe katika mfano huo. Wanaochunguza mbegu, alisema, ni kama wanasayansi wa mimea. Yeye anayepekua majalada ya wagonjwa ni mtu wa jembe tu.

Ninaandika habari za afya kwa riziki na kusoma riwaya kwa raha, na ni mara chache kazi hizi mbili zinakutana. Hapa zimekutana. Historia ya saratani ya matiti ni historia ya maabara na visu, sawa, lakini pia ni historia ya tamathali za semi: nani alisema ugonjwa huu unafanana na nini, na mfano wake ukawafanyia nini wanawake. Mfano wa Paget ulikuwa bora kuliko mingi iliyoufuata. Ukaachwa karibu miaka mia.

Hata neno letu lina la kusema. Saratani tumeichukua kwenye Kiarabu, na huko maana yake ni kaa, yule yule wa ufukweni. Wagiriki waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa kabla yao, na Galen, tabibu wa karne ya 2, alieleza uvimbe wa titi uliozungukwa na mishipa iliyotuna kama miguu ya kaa. Sasa fikiria: ile miguu si uvimbe. Ni mishipa ya mwenye mwili. Yaani picha ya zamani kabisa ya ugonjwa huu ilikuwa tayari na jirani ndani yake, na sisi tulioirithi tukamtazama kaa tukasahau miguu.

Kwa nini udongo ulisahaulika? Kwanza, kwa sababu ya kisu. Kuanzia mwaka 1882 daktari wa Marekani, William Halsted, alikuwa akifanya upasuaji ulioondoa titi zima, misuli ya kifua iliyo chini yake na tezi za kwapani. Ripoti yake ya mwaka 1894 kutoka hospitali ya Johns Hopkins ndiyo iliyoutangaza. Mantiki yake ilikuwa nyoofu: saratani huanza mahali pamoja na kutambaa kwenda nje kwa mpangilio, kwa hiyo ukikata mbali vya kutosha utaipita. Wanawake waliamka na kifua kilichobonyea hadi mbavu zikaonekana, na wengi wakabaki na mkono uliovimba maisha yao yote. Upasuaji huo ukawa kanuni kwa takriban miaka 80. Ilipofika mwaka 1971 ndipo Bernard Fisher wa Pittsburgh na wenzake walipoanza kuulinganisha na upasuaji mdogo zaidi, kwa majaribio yaliyowapanga wagonjwa kwa bahati nasibu. Matokeo: waliokatwa sana hawakuishi muda mrefu kuliko waliokatwa kidogo.

Mwaka huo huo, mwezi Desemba, Rais Nixon alitia saini sheria iliyokuja kujulikana kama vita dhidi ya saratani. Vita inahitaji adui, na adui alipatikana: jeni. Njia ya kufika huko inapitia kwa kuku, na kuku huyo nitamhitaji tena, kwa hiyo nivumilie.

Mwaka 1911 Peyton Rous wa New York alionyesha kwamba uvimbe wa saratani wa kuku unaweza kuhamishiwa kuku mwingine kwa majimaji yaliyochujwa, yasiyo na seli hata moja. Ndani yake kulikuwa na virusi. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966, akiwa na miaka 87. Si mchezo kusubiri. Mwaka 1976 Michael Bishop, Harold Varmus na wenzao wakaonyesha kwamba jeni inayovipa virusi hivyo makali, iitwayo src, asili yake ni seli ya kawaida ya kuku. Ulikuwa ugunduzi mkubwa, nao ukazaa Nobel nyingine mwaka 1989. Ila ulikuja na hitimisho ambalo wengi walilimeza bila kutafuna: jeni moja mbovu ikiingia au ikiharibika ndani ya seli, seli imekwisha. Mbegu ndiyo kila kitu.

Hapo ndipo anapoingia Mina Bissell. Alizaliwa Tehran mwaka 1940, akaenda Marekani kusoma, akapata shahada ya uzamivu Harvard mwaka 1969, na tangu mwaka 1972 akawa katika maabara ya Lawrence Berkeley, California. Swali lake lilikuwa la kitoto, kwa maana nzuri ya neno hilo. Seli ya kisigino na seli ya ulimi zina jeni zile zile. Zote mbili zina maelekezo ya kutengeneza maziwa, na hakuna hata moja inayotengeneza. Nani anayeiambia seli ya titi kwamba yeye ni titi?

Wakati huo ilijulikana kwamba ukitoa seli za tezi ya maziwa kwa panya mwenye mimba, ukaziweka kwenye sahani ya plastiki ya maabara, zinalala bapa kama chapati na kuacha kutoa maziwa. Zimesahau kazi. Jeni zao hazijaguswa, chakula wanazopewa kinatosha. Kilichobadilika ni mahali. Mwaka 1977 Joanne Emerman na Dorothy Pitelka, nao wa Berkeley, waliziweka seli kama hizo juu ya utando laini wa kolajeni unaoelea, na zikakumbuka: zikajipanga upya, zikaanza tena kazi ya tezi. Baadaye kundi la Bissell lilizilaza kwenye utomvu wenye protini za utando ambao kwa kawaida huzizunguka mwilini, na seli zikajikunja kuwa vifuko vya duara vyenye uwazi katikati, zikamwaga protini za maziwa ndani ya uwazi huo. Kwenye sahani!

Huo utando na utomvu ndio mada yetu. Wataalamu huuita matriksi ya nje ya seli. Mwili wako si seli zilizobanana tu kama punje ndani ya gunia. Kati yake kuna mtandao wa nyuzi za kolajeni, protini kama laminini na fibronektini, na minyororo ya sukari inayoshika maji. Kwa miaka mingi vitabu viliuchukulia mtandao huo kama saruji: kazi yake kushika tofali, basi. Nimejaribu kutafuta neno la Kiswahili la kuutosha. Kiunzi kinakaribia lakini kinasikika kikavu. Mkeka nao ulinivutia, maana umesukwa na unalaliwa. Lakini mkeka hauongei na anayeulalia, na matriksi inaongea. Kwa hiyo nitabaki na matriksi.

Inaongeaje? Kwenye ngozi ya seli kuna vipokezi vinavyoitwa integrini. Kichwa chake kiko nje, kimeshika laminini au kolajeni. Mkia wake uko ndani, umefungwa kwenye nyuzi zinazoipa seli umbo lake. Ukivuta nje, ndani kunatikisika, na mtikisiko huo hufika hadi kwenye kiini cha seli zilipo jeni. Seli nayo hujibu: hutengeneza matriksi mpya, au hutoa vimeng'enya vya kuikatakata iliyopo. Mwaka 1982 Bissell na wenzake wawili, Glenn Hall na Gordon Parry, waliliandika wazo hilo kwa ukamilifu: seli hujenga mazingira yake, na mazingira huijenga seli, bila kukoma. Jarida walilochapisha lilikuwa la nadharia. Ushahidi wa moja kwa moja ulikuwa bado mchache, na wengi hawakuwasikiliza.

Basi turudi kwa kuku. Kama src ni jeni ya saratani, na saratani ni jeni, basi virusi vya Rous vinapaswa kuleta uvimbe popote vinapoingia. Mwaka 1984 David Dolberg na Bissell walivichoma kwenye kiinitete cha kuku, kile kifaranga kinachojengeka ndani ya yai. Virusi vikaingia, src ikawa hai na inafanya kazi ndani ya seli. Uvimbe haukutokea. Kiinitete kikaendelea kujijenga. Lakini watafiti walipozitoa seli zile zile na kuzitawanya kwenye sahani, zikageuka kuwa za saratani. Jeni ilikuwepo muda wote. Nyumba iliyozizunguka ndiyo iliyozishika mkono.

Mwaka uliofuata wakaongeza jambo ambalo hadi leo linanitia ubaridi. Kuku mkubwa akichomwa virusi hivyo kwenye bawa moja, uvimbe huota pale pale, ingawa virusi vimo kwenye damu na vinazunguka mwili mzima. Wakamjeruhi kuku kwenye bawa la pili. Uvimbe ukaota kwenye jeraha. Jeraha ni udongo uliolimwa: matriksi imekatika, mwili unatuma ishara za kuharakisha ukuaji ili pafungike. Bila kujua, mwili unaikaribisha mbegu.

Ubishi uliobaki ulikuwa kwamba kuku si mwanamke. Mwaka 1992 Bissell, akishirikiana na Ole Petersen na Lone Rønnov-Jessen wa Denmark, walichapisha njia ya kutofautisha seli za titi la binadamu. Kwenye plastiki, nzima na mbovu hufanana sana. Ndani ya utomvu wa matriksi, seli nzima hujenga kifuko kidogo cha duara, zikijua ipi juu ipi chini, kisha zinaacha kugawanyika. Za saratani hukua kwa fujo, kama mji usio na mipango miji, na haziachi. (Utomvu wenyewe, kwa kejeli ya maisha, hukamuliwa kutoka kwenye uvimbe wa panya.)

Mwaka 1997 ndio ulioleta matokeo yaliyomtoa Bissell kwenye orodha ya wabishi na kumwingiza kwenye vitabu vya kiada. Walikuwa na seli zilizoanzia Denmark, kwenye titi la mwanamke mwenye uvimbe usio wa saratani. Ukoo mmoja wa seli hizo ulibaki wa kawaida. Mwingine, kwa kulelewa hatua kwa hatua maabara, uligeuka kuwa wa saratani. Valerie Weaver, mtafiti kijana katika maabara ya Bissell, aligundua kwamba zile za saratani zilikuwa na integrini ya aina moja, beta-1, kupita kiasi, kama mtu anayesikia kila mnong'ono kwa sauti ya kipaza. Akaziwekea kingamwili ya kuiziba integrini hiyo. Seli zikatulia. Zikajipanga kuwa vifuko vya duara, zikaacha kugawanyika ovyo. Jeni zao zilikuwa na kasoro zile zile za jana. Zilipopandikizwa kwa panya, zilitoa uvimbe mchache na mdogo zaidi. Na kingamwili ilipoondolewa, zikarudia fujo.

Isome mara mbili hiyo. Seli ya saratani yenye jeni zake zote mbovu ilikaa kama seli ya kawaida kwa sababu ilibadilishiwa mazungumzo.

Sasa, tuseme ukweli: hapa ndipo mfano wa udongo unapoweza kuleta madhara. Mama yangu mdogo alipougua, jirani mmoja alisema waziwazi kwamba yule ana kinyongo, ndo kimemgeukia. Wengine wakasema hakunyonyesha vya kutosha, wengine wakataja ndoa yake. Mwambie mtu wa namna hiyo kwamba saratani inategemea udongo, atakwambia: si nilisema? Udongo wake ulikuwa mbaya. Mwaka 1978 Susan Sontag aliandika kitabu kizima, Illness as Metaphor, kupinga tabia hii ya kuugeuza ugonjwa kuwa hukumu juu ya nafsi ya mgonjwa. Alikuwa ametibiwa saratani ya matiti, na kitabuni hakujitaja. Aliishambulia lugha ya vita, na alimshambulia pia yeyote anayedai kwamba kuna tabia za watu wa saratani.

Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa, isipokuwa jambo moja. Sontag alitamani ugonjwa uvuliwe tamathali kadiri inavyowezekana. Kwa maabara hilo haliwezekani; Paget bila mbegu na udongo angebaki na hesabu tu. Kinachowezekana ni kuushika mfano kwa mipaka yake. Udongo wa Paget na Bissell si moyo wa mwanamke wala ndoa yake. Ni kolajeni, laminini, vimeng'enya, na nguvu za kuvuta zinazopimika kwa vipimo vya fizikia. Hauna kinyongo. Wala hakuna mtu anayeweza kuunyoosha kwa kuwaza mema, na atakayekuambia uache dawa za hospitali ili urekebishe udongo kwa majani ya unga anakuuzia majani.

Vipimo vya fizikia nimevitaja kwa sababu. Weaver alipopata maabara yake mwenyewe aliendelea na swali la ugumu. Tezi ya maziwa yenye afya ni laini sana; uvimbe wa saratani ni mgumu mara nyingi zaidi, kwa sababu kolajeni inayouzunguka imeongezeka na nyuzi zake zimefungwa fundo. Mwaka 2005 kundi lake lilionyesha kwamba ugumu huo si matokeo tu: ukizilea seli za kawaida za titi kwenye utomvu mgumu, zinapoteza mpangilio na kuanza kukaa kisaratani. Mwaka 2009 wakazuia, kwa panya, kimeng'enya kinachofunga mafundo hayo ya kolajeni. Tishu ikabaki laini zaidi, na uvimbe ukachelewa.

Inamaanisha kwamba mwanamke anayejipapasa bafuni na kukuta kitu kigumu, kidole chake kinagusa matriksi. Seli zenyewe ni laini. Ile punje ya mahindi anayoihisi chini ya ngozi ni udongo uliokazwa.

Dawa ziko wapi? Hapa historia haina uungwana. Miaka ya 1990 kampuni za dawa zilikimbilia vizuizi vya vimeng'enya vinavyokata matriksi, kwa imani kwamba ukizuia mkasi utazuia kusambaa. Majaribio kwa wagonjwa yalishindwa: maisha hayakurefuka, na wengi walipata maumivu makali ya viungo na misuli. Vimeng'enya hivyo, ikaja kuonekana, vina kazi nyingi, na vingine vinaulinda mwili. Kingamwili iliyotuliza seli za Weaver haikugeuka kuwa sindano ya hospitali. Kutoka kwenye kifuko cha duara ndani ya sahani hadi kifuani mwa mtu kuna umbali ambao vichwa vya habari, vikiwemo vya chumba changu cha habari, huuruka kwa mstari mmoja.

Mahali ambapo udongo umeingia kliniki ni kwenye picha. Kwenye mamogramu, mafuta hutokea meusi, na tishu za tezi pamoja na kolajeni hutokea nyeupe. Mwaka 2007 Norman Boyd wa Toronto na wenzake waliripoti kwamba wanawake ambao matiti yao yalikuwa meupe kwa asilimia 75 au zaidi walikuwa na hatari ya saratani karibu mara 5 ya wale walio chini ya asilimia 10. Weupe huo pia huficha uvimbe, maana uvimbe nao ni mweupe. Ni kama kutafuta bata mzinga mweupe kwenye pamba. Kwa macho au kwa kupapasa huwezi kujua titi lako liko kundi gani. Lazima usomewe picha.

Tangu Septemba 2024, kila kituo cha mamogramu nchini Marekani kinatakiwa kisheria kumwandikia mwanamke barua inayomweleza kama tishu za matiti yake zimesongamana au la, kwa maneno anayoweza kuyaelewa. Ilichukua miaka 135 tangu mtu wa jembe wa London ahesabu mafaili yake.